Bomba la chuma la breki limepasuka kwenye gari la kale la mwaka 1964: nibadilishe kipande au yote?

Ekseli64 (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu, wakuu. Ninaomba mchango wenu kuhusu saluni ya mwaka 1964 yenye breki za dramu kwenye magurudumu yote manne na masta silinda ya mkondo mmoja. Nilikanyaga pedali gari likiwa limesimama. Ikakaza kidogo, kisha ikazama hadi sakafuni, na mafuta ya breki yakaanza kudondoka mbele ya ekseli ya nyuma. Tobo nimekwisha kuliona. Bomba la chuma linalopeleka mafuta nyuma limepasuka mahali linaposhikwa na klipu, pembeni mwa tangi la petroli. Kinachonishangaza ni kwamba pande zote mbili za klipu bomba linaonekana zima, na rangi ya kiwandani bado imelishika, ilhali chini ya klipu kutu imelitafuna hata likikandamizwa kwa ukucha linabonyea.

Fundi niliyemwonyesha anashauri tukate sehemu mbovu, urefu wa kiganja hivi, tuunganishe kipande kipya kwa viungo viwili, kisha tutoe upepo ulioingia kwenye mafuta na kazi iishe. Mimi nasita. Je, kukata na kuunga kunafaa, au nibadilishe bomba hilo zima, au mabomba yote ya gari? Tena, nikibadilisha, nirudishe chuma kama kilivyotoka kiwandani au nitumie madini mengine?

Nati_Kaidi

Mkuu Ekseli64, kusita kwako ni kwa haki. Jambo la kwanza la kuzingatia ni huo mkondo mmoja. Katika gari lako, masta silinda ina chumba kimoja tu kinachosukuma mafuta kwenda magurudumu yote manne, kwa hiyo tobo dogo kama tundu la sindano mahali popote linaondoa breki zote za mguu kwa mpigo, na unabaki na breki ya mkono peke yake. Watengenezaji walilijua tatizo hilo mapema. Cadillac na Rambler walianza kuweka masta silinda ya mikondo miwili kwenye magari yao ya mwaka 1962, Volvo walipoleta 144 mwaka 1966 waliipa mikondo miwili ambayo kila mmoja unahudumia magurudumu yote mawili ya mbele na gurudumu moja la nyuma, na kufikia mwaka 1968 Marekani ilikuwa imeufanya mgawanyo wa mikondo kuwa sharti kwa magari mapya ya abiria. Gari la 1964 la mkondo mmoja halina akiba hiyo, kwa hiyo halistahimili bomba lenye mashaka.

Jambo la pili ni umri. Bomba lililopasuka lilifungwa siku moja na yale mengine, limepita kwenye maji na matope yaleyale, na limeshikwa na klipu za aina ileile. Klipu hunasa tope, tope hutunza unyevu, na rangi iliyo chini yake huchubuliwa na mtikisiko. Ndiyo maana kutu imeanzia humo huku nje kukiwa kuzuri. Ukizifungua klipu nyingine utakuta mabomba yako katika hatua mbalimbali za safari hiyohiyo. Bomba lililopasuka limekupa habari za mengine yote, na mimi ningelisikiliza. Badilisha yote, pamoja na mipira ya breki (mabomba laini ya raba) mitatu au minne iliyopo.

Gia_ya_Tatu

Kwa heshima, naona tunamtisha mwenzetu bila sababu. Viungo vya kubana kwa pete vinatumika kwenye mabomba ya gesi na ya hewa ya shinikizo kila mahali na havivuji. Kama kipande kilichobaki ni kizima, kwa nini mtu avunje gari zima ili kurekebisha sehemu yenye urefu wa kiganja?

Nati_Kaidi

Ndugu Gia_ya_Tatu, tupige hesabu. Dereva aliyeshtuka anaweza kukanyaga pedali kwa nguvu ya nyutoni 400 bila shida. Tuchukulie mkono wa pedali unaizidisha nguvu hiyo mara 5. Zinakuwa nyutoni 2,000 kwenye pistoni ya masta silinda. Pistoni yenye kipenyo cha inchi 3/4, yaani milimita 19, ina eneo la milimita za mraba 285 hivi. Gawanya, utapata shinikizo la bar 70. Sasa kiungo cha kubana hushikilia bomba kwa msuguano wa pete laini iliyokandamizwa tu. Bomba la breki halitulii: linatikiswa na barabara, linapata moto na baridi, na shinikizo ndani yake linapanda kutoka sifuri hadi makumi ya bar na kushuka tena kila mguu unapogusa pedali. Bomba likichomoka kwenye pete, halivuji kidogo kidogo. Linaachia lote mara moja, na hilo hutokea mguu unapokanyaga kwa nguvu kuliko siku zote.

Kiungo kinachokubalika ni kile cha nati mbili na pipa la katikati, ambapo kila upande wa bomba umepanuliwa mdomo kama ulivyo mwisho wa bomba la kiwandani. Hicho hakina ubaya kikiwekwa mahali panapofikika na kuonekana. Hata hivyo, ili upanue mdomo, unahitaji chuma kizima cha kuupanua, na bomba la zamani lenye vishimo vya kutu hupasuka mdomo ukiwa bado kwenye kifaa. Kwa hiyo utakata kiganja, kisha dhiraa, kisha utajikuta umefika kwenye nati ya mwisho. Ni afadhali uanzie hapo.

Bomba jipya la chuma la kipenyo cha milimita 4.75 lina ukuta wa milimita 0.7 hivi, na linahimili shinikizo linalozidi hizo bar 70 zaidi ya mara kumi. Akiba hiyo kubwa ndiyo inayotudanganya: bomba linaweza kupoteza sehemu kubwa ya ukuta wake kwa kutu na bado likafanya kazi kila siku, bila kudondosha hata tone, mpaka siku ya kukanyaga kwa dharura.

Mkongwe_wa_Gereji

Naunga mkono kubadilisha yote. Niongeze kuhusu madini, maana swali hilo limeachwa.

Chuma cha kiwandani cha enzi hizo si bomba la kawaida. Ni ukanda mwembamba wa chuma uliozungushwa mara mbili na kuunganishwa kwa shaba ndani ya tanuri, ndiyo maana ukuta wake una tabaka mbili. Ni imara sana na ni rahisi kupata, na mtu anayetaka gari lake liwe sawasawa na lilivyotoka kiwandani hana sababu ya kuliacha. Udhaifu wake ni kutu. Siku hizi linauzwa likiwa limepakwa zinki na juu yake plastiki, na kinga hiyo ni nzuri mradi isikwaruzwe wakati wa kukunja.

Chaguo la pili, ambalo mimi hulipendelea, ni aloi ya shaba na nikeli, yaani asilimia 90 hivi ya shaba, asilimia 10 ya nikeli, na chuma na manganizi kidogo. Haishiki kutu kama chuma, inakunjika kwa mkono, na mdomo wake hupanuka vizuri hata kwa kifaa cha wastani. Volvo waliingiza mabomba ya aina hiyo kwenye magari yao tangu miaka ya 1970, kwa hiyo si jambo la kubahatisha. Ulaini wake una gharama moja: usipoifunga klipu za kutosha, inatikisika na kuchoka.

Usiichanganye aloi hiyo na shaba tupu. Shaba tupu inafanana nayo kwa mbali, lakini huwa ngumu na kuvunjika inapotikiswa kwa muda mrefu, na sheria za nchi mbalimbali haziikubali kwenye breki. Chuma cha pua nacho kinavutia macho, ila ni kigumu mno. Mdomo wake haukubali kujilaza kwenye kikalio, yaani mahali unapokaa ndani ya tundu la kiungo, na watu wengi hukesha wakikaza nati zinazovuja. Kwa gari la barabarani la mwaka 1964 sioni faida yake.

Ekseli64 (mwanzisha uzi)

Nashukuru sana, wakuu. Nimeridhika: nitabadilisha mabomba yote na mipira yote, na nitatumia aloi ya shaba na nikeli. Nimeanza kufungua, na mambo mawili yamenikwamisha. Kwanza, nati za nyuma zimeshikana na bomba kwa kutu. Nikizungusha nati, bomba linajisokota pamoja nayo. Pili, nilipofungua nati za mbele niliona midomo ya mabomba haifanani. Mmoja umekunjwa kwa ndani kama tarumbeta, mwingine umevimba mviringo kwa nje. Je, mmoja wao uliwahi kuwekwa kimakosa?

Nati_Kaidi

Hilo la kwanza ni jepesi kuliko linavyoonekana, kwa sababu bomba hulihitaji tena, isipokuwa kama kielelezo cha mikunjo. Lipige picha na ulipime kwa uzi wa kushonea uliofuatisha kila mkunjo, kisha likate karibu na nati kwa kikata-bomba au msumeno wa chuma. Sasa soketi ya pembe sita inaweza kuingia juu ya nati, na soketi hiyo hushika pande zote sita bila kuzila kona. Kabla ya hapo, safisha nati kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, na uache yafanye kazi usiku kucha. Spana ya kawaida iliyo wazi isikaribie nati ya breki. Tumia spana ya nati za mabomba, ile ya duara lililokatwa mdomo ili bomba lipite. Mahali bomba linapokutana na mpira wa breki, shika kichwa cha mpira kwa spana ya pili, la sivyo utausokota mpira na kibano chake vyote pamoja.

Ukikata bomba, mafuta yataendelea kudondoka kutoka kwenye kopo la mafuta la masta silinda. Bonyeza pedali sentimita chache na uizuie hapo kwa kijiti kilichoegemea kiti. Katika masta silinda nyingi, pistoni ikisogea kidogo huziba tundu linaloleta mafuta kutoka kwenye kopo, na udondokaji hukoma. Funika rangi ya gari kwa matambara, maana mafuta ya breki ya kawaida huivua rangi. Yakimwagika, osha mara moja kwa maji mengi.

Mkongwe_wa_Gereji

Hilo la pili, la midomo, linahitaji maelezo marefu, nami naliona kuwa ndilo kiini cha kazi yote.

Hakuna aliyekosea. Kuna midomo ya namna mbili, na magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 hutumia zote mbili kwenye gari moja. Ule wa tarumbeta ni mdomo uliokunjwa mara mbili: ncha ya bomba kwanza inavimbishwa, kisha inakunjwa kurudi ndani mpaka chuma kinakuwa tabaka mbili kwenye pembe ya digrii 45. Huo hukaa juu ya kikalio chenye umbo la koni inayojitokeza. Ule wa pili ni mdomo wa kiputo. Umeishia kwenye hatua ya kuvimba, haukukunjwa ndani, nao hukaa kwenye kikalio kilichochongwa kama shimo la koni. Kwa hiyo kikalio ndicho kinachoamua. Chungulia kwa tochi ndani ya kila tundu: ukiona koni inachomoza, unahitaji tarumbeta ya tabaka mbili, ukiona shimo linaloshuka, unahitaji kiputo. Usiende kwa kumbukumbu wala kwa kudhani kwamba upande wa kulia unafanana na wa kushoto.

Kwa nini tabaka mbili? Kwa sababu tabaka moja la chuma chembamba likipanuliwa hadi pembe hiyo hupata ufa kwenye ukingo, na nati ikiendelea kulikandamiza ufa hukua. Ukimwona mtu anapanua mdomo mara moja tu kwa koni na kusema inatosha, bomba hilo lifae kwa kitu kingine, si breki.

Nati nazo zina jinsia na kipimo. Nati ya tarumbeta ina ncha iliyochongwa mshazari unaolingana na mgongo wa mdomo ili kuusukuma. Nati ya kiputo kwa kawaida ina uso bapa. Ukizibadilishana, nati inakandamiza ukingo tu, na kiungo kitavuja hata ukikikaza mpaka kichwa cha nati kikatike. Kwa upande wa nyuzi, gari lako la 1964, kama ni la vipimo vya inchi, bila shaka lina nati za inchi 3/8 zenye nyuzi 24 kwa inchi kwa bomba la inchi 3/16. Magari ya vipimo vya mita hutumia nati ya milimita 10 yenye hatua (umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata) ya milimita 1. Hapa pana mtego ambao lazima niuandike kwa mkazo: inchi 3/8 ni milimita 9.5, na hatua zake zinakaribiana sana na za ile ya milimita 10. Nati ya inchi huingia kwenye tundu la milimita 10, inazunguka vizuri, inakaza kidogo, na fundi anaridhika. Kumbe imeshika ncha za nyuzi tu, na siku ya kukanyaga kwa nguvu inang'oka na bomba lake. Kama gari limewahi kubadilishiwa silinda ya gurudumu au kiungo chochote, pima kila tundu kwa geji ya nyuzi kabla ya kununua nati.

Pedali_Laini

Wakuu, mimi ni mfuatiliaji wa uzi huu tu, lakini nimeona watu wengi wakilalamika kwamba midomo yao inapinda upande mmoja. Tatizo ni kifaa au mkono?

Mkongwe_wa_Gereji

Mara nyingi ni matayarisho, mkuu. Bomba likikatwa kwa msumeno mkato huwa wa mshazari, na mdomo hurithi mshazari huo. Tumia kikata-bomba cha gurudumu dogo, kaza kidogo kidogo kila mzunguko, kisha sawazisha uso kwa tupa laini. Kikata-bomba huacha ukingo uliojikunja kwa ndani na kulibana tundu; uondoe kwa ncha ya kikwangulio, bomba likiwa limeelekezwa chini ili vumbi la chuma lisibaki ndani. Kisha ingiza nati. Nasema kisha ingiza nati, na narudia, kwa sababu hakuna fundi asiyelijua sikitiko la mdomo safi kabisa ambao nati yake imebaki mezani.

Weka tone la mafuta ya breki kwenye ncha. Usitumie grisi wala mafuta ya injini, kwa kuwa mabaki yake yatazivimbisha raba. Acha bomba lijitokeze juu ya kibano kwa kiasi kilekile cha unene wa ngazi ya kidude cha kusukumia; likizidi, mdomo unapinda, na likipungua, hautoshi kujaza kikalio. Vifaa vya bei ya chini huacha bomba liteleze kwenye kibano, hasa bomba la chuma lenye plastiki. Kwangua plastiki hiyo sehemu ya kubana tu, isije ikazuia. Ukimaliza, kagua kwa lenzi: ukiona ufa, mkunjo au upande mmoja umenenepa kuliko mwingine, kata na urudie. Ndiyo maana bomba halikatwi kwa kipimo kamili. Acha ziada ya sentimita kadhaa kila upande.

Ekseli64 (mwanzisha uzi)

Nati zimetoka, mabomba yote yako chini, na ni kweli mlivyosema: chini ya klipu nyingine mbili nimekuta vishimo vinavyokaribia kutoboka. Nimetengeneza mabomba mapya kwa kufuata ya zamani, na kila mdomo nimeulinganisha na kikalio chake. Kuna bomba moja karibu na masta silinda ambalo kiwanda kililizungusha kama springi kabla ya kulipeleka kwenye bodi. Je, mzunguko huo una maana, au nilinyooshe tu?

Nati_Kaidi

Usilinyooshe. Mizunguko hiyo hupokea mtikisiko na mwendo mdogo kati ya sehemu mbili ambazo hazijafungwa pamoja kwa uthabiti, ili mdomo usibebe mzigo huo. Fuata njia ya kiwanda kila mahali, kwa sababu aliyeichora alijua bomba la moshi linapita wapi na springi ya nyuma inapanda hadi wapi. Mikunjo iwe ya duara pana. Tumia kikunjio au ukunje kwa mkono kuizunguka soketi, na mahali ukuta ulipobapa pasikubaliwe.

Puliza kila bomba kwa hewa ya shinikizo kabla ya kulifunga, kisha ziba ncha zake mpaka dakika ya kufunga. Anza nati zote kwa vidole, mizunguko kadhaa, ukiwa bado hujafunga klipu yoyote, ili bomba liwe huru kujipanga. Nati isiyoingia kwa vidole haijakaa sawa, na spana itaiharibu. Usiweke tepu wala gundi kwenye nyuzi, kwa sababu nyuzi hazizuii mafuta, zinasukuma tu. Kinachozuia ni mdomo uliolala kwenye kikalio, na kipande cha tepu kikijichana kinaweza kusafiri hadi kwenye masta silinda. Kwa nati za ukubwa huo, vitabu vingi vya magari vinataja mkazo wa nyutoni-mita 12 hadi 16, lakini kitabu cha gari lako ndicho hakimu. Mdomo mpya ukitoa unyevu, legeza nati robo mzunguko na uikaze tena mara mbili au tatu ili ujilaze, badala ya kuongeza nguvu.

Klipu ziwe na raba, zikaribiane, na bomba lisiguse chuma popote kati ya klipu moja na nyingine.

Gia_ya_Tatu

Nimeisoma ile hesabu ya bar 70 na nimeirudia mwenyewe kwa gari langu. Nauondoa ushauri wangu wa viungo vya kubana. Niulize hili: kutoa upepo kwenye mkondo mmoja wa dramu kuna utaratibu wa pekee?

Mkongwe_wa_Gereji

Utaratibu wa kawaida ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda na kumalizia lililo karibu, isipokuwa kitabu kiseme vinginevyo. Mpira mwangavu kwenye nipeli (skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu), ncha yake ndani ya mafuta safi kwenye chupa, msaidizi akikanyaga taratibu na kuachia taratibu, na kopo lisikauke hata mara moja. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Kabla ya hapo kuna mambo mawili ambayo watu huyaruka. La kwanza, kaza viatu vya breki kwenye virekebishio vyake mpaka viguse dramu. Pedali ndefu kwenye gari la dramu huwa mara nyingi si upepo, ni viatu vilivyo mbali. Watu humwaga chupa nzima za mafuta wakitafuta upepo ambao haupo. La pili, usimruhusu msaidizi akanyage hadi sakafuni. Katika matumizi ya kila siku pistoni ya masta silinda hufanya kazi kwenye sehemu fupi tu, na sehemu iliyobaki ya silinda hujenga kutu na uchafu. Raba ikisukumwa huko kwa mara ya kwanza baada ya miaka, hukwaruzika, na baada ya siku chache pedali huanza kuzama polepole ingawa hakuna tone nje. Weka kipande cha mbao chini ya pedali kiizuie. Kumbuka pia kwamba pedali ya Ekseli64 imekwisha kuzama mara moja bomba lilipopasuka, kwa hiyo masta silinda yake ichunguzwe kwa jicho la mashaka. Mimi ningeifungua na kuibadilishia raba sasa hivi, wakati mafuta yameshamwagwa.

Pedali_Laini

Na mafuta yenyewe? Naona DOT 3, 4, 5 na 5.1 na sijui tofauti yake ni nini.

Nati_Kaidi

DOT 3, 4 na 5.1 ni za familia moja, zinazovuta unyevu kutoka hewani. Viwango vya chini vya kuchemka yakiwa makavu ni sentigredi 205 kwa DOT 3, 230 kwa DOT 4, na 260 kwa 5.1; yakishavuta unyevu, viwango hivyo hushuka hadi 140, 155 na 180. Unyevu huohuo ndio unaotafuna mabomba na silinda kwa ndani, ndiyo maana mafuta hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. DOT 5 ni ya silikoni. Haivuti unyevu wala haivui rangi, lakini haichanganyiki na hizo nyingine na hunasa viputo vidogo, kwa hiyo anayeitaka aanze na mfumo uliosafishwa kabisa wenye raba mpya. Kwa gari hili DOT 4 inatosha. Magari machache ya kale, kama Citroën DS za kuanzia mwisho wa mwaka 1966, hutumia mafuta ya madini ya kijani yaitwayo LHM, na humo mafuta ya breki ya kawaida huharibu raba zote. Soma kifuniko cha kopo kabla ya kumwaga chochote.

Ekseli64 (mwanzisha uzi)

Kazi imefika hapa: mabomba na mipira vimefungwa, masta silinda imepata raba mpya, viatu vimerekebishwa, na upepo umetoka. Pedali ni ngumu na inakaa juu. Kabla sijalitoa nje, ni majaribio gani ningefanya? Na dramu ya nyuma kushoto ilikuwa na unyevu wa mafuta kwa ndani, ingawa tobo lilikuwa mbali nayo.

Mkongwe_wa_Gereji

Unyevu wa ndani ya dramu hautokani na lile bomba, mkuu. Huo ni wa silinda ya gurudumu. Inua kingo za raba zake za vumbi, na ukikuta mafuta nyuma yake, silinda hiyo ibadilishwe, na pacha wake wa kulia pia. Viatu vilivyolowa mafuta ya breki havisafishiki kwa petroli wala kwa moto. Vibadilishe vya ekseli nzima, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Kwa majaribio, kausha kila kiungo na uzungushie karatasi nyeupe. Mtu akanyage kwa nguvu zake zote na akae hivyo dakika mbili, huku wewe ukipita na tochi kutoka masta silinda hadi gurudumu la mwisho. Pedali isishuke, na karatasi isipate doa. Zungusha usukani mpaka mwisho kila upande, na uliachie gari lipande na kushuka kwenye springi zake, ukiangalia mipira isiguse tairi wala isivutike. Hakikisha breki ya mkono inalishika gari peke yake. Kisha liendeshe mwendo wa kutembea mahali pa wazi na tambarare, simama mara kadhaa kwa upole, halafu kwa nguvu, na urudi kuzikagua karatasi. Nati uzitazame tena baada ya safari chache za kwanza, na zile zisizo na unyevu usiziguse.

Ekseli64 (mwanzisha uzi)

Silinda zote mbili za nyuma zilikuwa na mafuta nyuma ya raba. Nimeagiza mpya pamoja na viatu, na gari litabaki juu ya stendi mpaka zifungwe. Nitaweka hapa picha za midomo na vikalio vyake, kwa ajili ya atakayefika kwenye hatua hiyo.